Naipenda Kazi Yangu na Naona Aibu

Mpendwa Shangazi,

Najua umezoea barua za machozi, za waume waliohama na mashemeji wasiohama, kwa hiyo nakuomba hii usiitupe kabla hujafika mwisho, maana na mimi nina shida, na shida yangu ni kwamba nina furaha, na furaha hiyo imeniletea balaa kazini na nyumbani, na mpaka Jumatatu ijayo natakiwa niwe nimetia sahihi karatasi ambayo mkono wangu unakataa hata kuigusa. Wahenga walisema mficha uchi hazai, basi leo nasema yote.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya msingi, na kazi hiyo naipenda. Nimeandika sentensi hiyo nikageuka kuangalia kama kuna mtu nyuma yangu, kwa sababu katika chumba chetu cha walimu kupenda kazi ni jambo la kuficha kama wengine wanavyoficha mchepuko, salamu yetu ya asubuhi ni malalamiko, ukiulizwa habari za kazi unajibu "tunasukuma tu", na siku moja niliponogewa nikajibu "nzuri sana" mwenzangu alinishika paji la uso kuangalia kama nina homa. Kwa hiyo miaka yote nimekuwa nikisukuma pamoja nao, natunga malalamiko yangu njiani kuja shule, leo mgongo, kesho chaki, keshokutwa wazazi, na nikitoka darasani huku nacheka husimama kwanza kwenye kona ya maktaba nikapangusa uso, ndipo niingie na sura ya kazi.

Sasa muhula huu ofisi ya elimu ilituletea mtafiti, binti mpole kutoka chuoni, aje apime kazi yetu ikoje na sisi tunaridhika nayo kiasi gani, akaja na dodoso ambalo kila swali unalijibu kwa kuzungushia namba, kuanzia moja, yaani hapana kabisa, mpaka saba, yaani ndiyo kabisa. Aliuliza mambo mazuri, Shangazi, mambo ambayo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza: kazi yako ina mambo mengi tofauti au ni yale yale kila siku, unaianza na kuimaliza mwenyewe au unashika kipande tu, ina maana yoyote kwa maisha ya watu wengine, unaachiwa uamue namna ya kuifanya, na je, kazi yenyewe inakuonyesha kwamba umeifanya vizuri au unangoja mpaka mkubwa akuambie. Halafu yakafuata maswali ya mshahara, vyoo, madawati na paa.

Asubuhi hiyo alituelezea utaratibu akasema tutajaza mchana, na akasisitiza kwamba hakuna jibu sahihi wala jibu baya. Hatukumwamini hata kidogo. Sisi tumeishi maisha yetu yote na karatasi za maswali na hatujawahi kukutana na ya namna hiyo, basi wakati wa chai chumba kizima kikakaa kikao, naibu mwalimu mkuu akiwa mwenyekiti, na mwalimu wa hisabati akatoa hoja kwamba tukijaza namba kubwa ofisi itasema hawa hawana shida, kwa hiyo wote tujaze mbili na tatu, tufeli kwa pamoja, ofisi ishtuke ilete madawati. Hoja ikapita bila kupingwa. Na mimi nilitikisa kichwa kukubali, mdomo ukiwa umejaa chai.

Kisha nikarudi darasani, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nina mtoto mmoja, msichana mdogo wa mstari wa mbele, ambaye tangu mwaka uanze alikuwa anasoma kwa kumtazama mdomo jirani yake, wenzake wakisema "baba" naye anasema "baba" nusu sekunde nyuma yao, ukimwacha peke yake anakutazama tu kwa adabu. Siku hiyo aliinuka kwenda kutupa maganda ya penseli kwenye boksi la sabuni tunalotumia kama pipa la takataka, akainama, akakaa pale muda mrefu mpaka nikadhani ameangusha kitu, halafu nikamsikia anasema polepole, "Sa. Bu. Ni." Akaligusa lile boksi kwa kidole, akageuka kwangu, akasema, "Mwalimu, limeandikwa sabuni." Hakuna aliyemfundisha neno lile, Shangazi, silabi alizipata kwangu lakini neno alilitoa mwenyewe kwenye takataka. Darasa zima likahamia kwenye boksi, kila mtu anataka kulisoma, kisha wakatawanyika kusoma kila chenye maandishi, mlango, saa ya ukutani, lebo ya sweta ya mwenzao, mpaka mmoja akanisomea lebo ya kandambili zangu ninazovaa nikipumzisha miguu. Nilicheka nikalia kwa wakati mmoja.

Na kengele ikalia. Nikaenda moja kwa moja kujaza dodoso, bila kupita kwenye kona ya maktaba.

Ungetuona ungecheka. Naibu mwalimu mkuu alikuwa ameshatutenganisha viti, akazunguka huku mikono iko mgongoni, akatangaza dakika kumi zimebaki ingawa hakuna aliyeweka muda, mwalimu wa hisabati akaziba majibu yake kwa mkono, mwenye kutuhubiria uaminifu kila Ijumaa akachungulia kwa jirani, na mmoja akamuuliza mtafiti kama asipojaza swali atapunguziwa alama. Mimi sikuona wala kusikia. Nilisoma "kazi yako inakuonyesha kwamba umeifanya vizuri?" nikazungushia saba, nikasoma "ina maana kwa maisha ya wengine?" nikazungushia saba, na nilipofika kwenye madawati, vyoo na paa nikazungushia moja moja moja, maana huo nao ndio ukweli. Makubaliano ya chai niliyakumbuka nikiwa nimeshakabidhi karatasi.

Wiki chache baadaye mtafiti akarudi pamoja na afisa elimu kutusomea matokeo. Hawakutaja majina, lakini kwenye ukuta palionekana nukta nyingi zimesongamana chini, na nukta moja peke yake juu kabisa karibu na dari, na pembeni yake imeandikwa "darasa la kwanza". Darasa la kwanza shuleni kwetu ni mimi tu. Wenzangu wote waligeuza shingo kwa pamoja. Mtafiti alianza kueleza kwamba mwalimu huyu katika mazingira ya kazi amejaza alama za chini kuliko wote, ila afisa alimkata kauli akasema, "Huyu ana watoto wengi kuliko nyinyi wote, hana madawati, paa linavuja, na bado ana furaha. Basi tatizo letu si madawati. Tatizo ni moyo." Nilinyoosha mkono niseme sivyo, ila alikuwa ameshaanza kupiga makofi, na mkuu wa ofisi akipiga makofi na wewe unapiga.

Tangu siku hiyo jina langu ni Bi Saba. Wengine wananitania tu, lakini mwalimu wa hisabati hanisalimii, na kinachoniuma ni kwamba ana haki, kwa sababu madawati yaliyokuwa yanazungumzwa hayazungumzwi tena.

Halafu likaja kubwa zaidi. Ofisi imeniteua kuwa Mratibu wa Motisha ya Walimu, na karatasi ya kukubali ndiyo hiyo ninayotakiwa kuitia sahihi. Nitapewa chumba, kompyuta na kiti cha kuzunguka, nitakuwa nakusanya madodoso ya shule zote na kuandika ripoti, na mara moja moja nitaitwa kwenye semina kuwaambia walimu wawe na moyo. Darasani sitaingia tena. Watoto wangu wataunganishwa na darasa la pili, kwa kuwa hakuna anayelitaka darasa la kwanza, na bado nusu yao hawajafika kwenye sabuni.

Nyumbani ni sherehe. Mume wangu ni fundi cherehani, mtu mwema ajabu, na siku barua ilipofika aliniambia, "Umekula vumbi la chaki vya kutosha, mke wangu. Sasa na wewe ukae." Akatoa utepe akanipima mabega papo hapo, anataka kunishonea suti ya ofisini, kitambaa ameshakata, kila mteja anayeingia dukani anahadithiwa, na mama mkwe wangu amewapigia simu ndugu wote kuwaambia mkamwana wake sasa ni ofisa. Naona fahari yao na naifurahia, kisha nakwenda jikoni nasimama tu mbele ya masufuria. Nitamwambiaje mwanamume anayeimba huku anashona kwamba hicho anachonishonea sikitaki?

Basi niambie, Shangazi. Je, mimi nina kasoro kichwani, kupenda kazi ambayo watu wazima wote wanaikimbia? Nikikataa cheo si nitakuwa mpumbavu, tena mpumbavu asiye na shukrani? Nikikubali, watoto wangu nitawatazama kwa macho gani? Nimechoka kupangusa uso.

Ni mimi,
Bi Saba

SHANGAZI ANAJIBU

Bi Saba, mwanangu,

Barua yako niliisoma mara ya kwanza kimya, mara ya pili kwa sauti, na wenzangu hapa gazetini wakaacha kazi zao kusikiliza, na nilipofika kwenye boksi la sabuni mpiga chapa wetu, ambaye hacheki hata akitekenywa, alitoka nje akidai anakwenda kunywa maji. Kwa hiyo kabla ya yote, asante. Wiki hii nilikuwa na barua nne za mashemeji wasiohama.

Sasa ukae vizuri nikuseme kidogo.

Huna kasoro kichwani. Una kasoro moja tu, nayo ni uongo. Umewadanganya wenzako miaka yote kwamba mgongo unauma, umepangusa kicheko kwenye kona ya maktaba kana kwamba umekiiba, na sasa unashangaa kwa nini nukta yako iko peke yake pale juu. Unajuaje kwamba iko peke yake? Namba za wenzako zilipangwa wakati wa chai. Huyo mwalimu wa hisabati, mwanafunzi wake mkaidi akipata jibu ghafla ubaoni, unadhani anarudi nyumbani analia? Shule ina kona nyingi, mwanangu, na sitashangaa kusikia kwamba kila kona ina mwalimu anayepangusa uso. Mmekaa chumba kimoja mnaoneana aibu kwa jambo jema. Kuanzia sasa ukiulizwa habari za kazi, jibu ilivyo. Wakikushika paji la uso, waache washike.

Lakini kuhusu madawati wenzako wana haki, na hapo sikupaki mafuta. Kuipenda kazi si kupenda paa linalovuja. Wewe ulijaza moja kwenye madawati, moja kwenye vyoo, moja kwenye paa, na afisa wako akaziruka zile moja zako zote akaokota saba, kwa sababu saba haina gharama. Unaogopa kumkera mtu aliyekupigia makofi, wakati makofi yenyewe amewapiga nayo wenzako kwenye mashavu. Furaha yako si mali ya ofisi ya kuzibia pengo la bajeti. Mwandikie useme hivyo kwa adabu, na kabla hujaipeleka barua hiyo, mwonyeshe mwalimu wa hisabati umwombe atie sahihi pamoja na wewe. Atakusalimia.

Tuje kwenye kiti cha kuzunguka. Mtu mwenye ng'ombe anayetoa maziwa kuliko wote, akiamua kumzawadia ng'ombe huyo, humwongezea majani. Wewe wamekuona unatoa maziwa wakasema basi huyu tumtoe zizini aende akahesabu ndoo. Hawana nia mbaya. Hawajui tu zawadi nyingine ya kutoa zaidi ya cheo.

Hutaki kuniamini mimi, waamini walio na vipimo. Yale maswali ya binti mtafiti unayakumbuka vizuri mpaka umeniandikia. Yaulize tena, safari hii kuhusu hiyo kazi mpya. Ina mambo mengi tofauti? Madodoso, ripoti, madodoso. Utaianza na kuimaliza mwenyewe? Utakusanya, mwingine atasoma, wa tatu atafungia kabatini. Utaamua mwenyewe namna ya kuifanya? Utaambiwa semina iko wapi na uwaambie nini. Na siku ukiifanya vizuri, nani atakugeukia akuambie, "Mwalimu, limeandikwa sabuni"? Jaza namba zako mwenyewe mwanangu, mimi nimeshajaza zangu na sikupita mbili. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Na usiniambie habari ya kukosa shukrani. Mtu anaweza kushukuru kwa mkono mmoja na kukataa kwa mwingine. Mtafiti yule ameonyesha ana masikio, alijaribu kusema ukweli wako mbele ya afisa na akakatwa kauli. Mwombe yeye na ofisi ya elimu wafanye kinyume cha walivyopanga: badala ya wewe kwenda kuwahubiria walimu moyo, walimu waje mmoja mmoja wakae asubuhi moja kwenye darasa lako, kwenye vile viti vya magoti kugusa kidevu, waone kazi inavyomrudishia mtu majibu. Hiyo ndiyo semina, na haihitaji kompyuta.

Sasa mume. Hapa ndipo nilipokukasirikia kweli. Una mwanamume anayeimba akikushonea, nawe unamkimbilia kwenye masufuria. Yeye hajui unachokipenda kwa sababu nyumbani nako ulikuwa unasimulia mgongo na chaki, sivyo? Kwa hiyo amekuhurumia kwa maumivu uliyoyatunga njiani, na akafurahi kwamba yamekwisha. Hiyo si tamaa ya cheo, ni mapenzi. Mwambie leo hii, kabla gazeti halijafika dukani kwake, maana mafundi cherehani nawajua, wanasoma kila kipande kabla ya kukifungia nguo. Usianze na barua ya ofisi. Anza na yule mtoto na boksi, umsimulie kama ulivyonisimulia mimi, kisha nyamaza. Fundi anajua raha ya mtu kuvaa alichoshonewa akajitazama kwenye kioo, hutahitaji kumfafanulia.

Suti aimalize. Utaivaa darasani, na vumbi la chaki likiingia litafutika. Mama mkwe naye mwachie mumeo, ndiyo kazi ya mtoto kwa mama yake. Mkamwana anayefundisha wajukuu wa mtaa mzima kusoma, mama huyo atamtangaza kwenye simu bila shida, akipewa siku mbili za kuzoea.

Basi fanya hivi. Leo zungumza na mumeo. Kesho andika barua ya mistari michache: nashukuru kwa uteuzi, naukataa, nabaki darasa la kwanza, na chini yake taja madawati, vyoo na paa. Isiwe na "samahani" hata moja, walimu mna ugonjwa wa samahani. Mwalimu wa hisabati asipotia sahihi, tia yako peke yako uipeleke hivyo hivyo.

Ofisi haitakubali mara moja, maana hakuna anayezoea kukataliwa cheo. Jumatatu asubuhi watakupigia simu kukubembeleza, na wakikukosa watapiga tena na tena. Usipokee. Utakuwa na kipindi, na nusu ya darasa bado hawajasoma boksi.